Twiga kwenye kopo la bangi

SWALI: Shangazi, shikamoo. Niko Calgary, Kanada. Mimi na mwenzangu tuna leseni ya kutengeneza peremende za bangi. Nimechora lebo yenye twiga na jua linalozama. Mwenzangu ana video ya mteja akisema zimemtuliza mgongo. Tuendelee?
– Msomaji, Calgary

JIBU: Marahaba, mwanangu. Twiga mtoe leo hii. Sheria ya Bangi iliyoanza Oktoba 2018 inakataza picha ya mtu, mnyama au mhusika wa kubuni, kwenye kifungashio na kwenye tangazo. Najua uchungu wake, maana twiga ni nyumbani. Lakini mtoto wa miaka minne akimwona atadhani ni pipi yake, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Video nayo iacheni: ushuhuda wa mteja hauruhusiwi.

Nilifungasha bangi kiwandani Ontario miaka mitatu. Siku moja tulibandua lebo za makopo kwa kucha mpaka usiku, kwa sababu ile alama nyekundu ya pembe nane inayotakiwa na sheria, yenye jani na herufi THC (kemikali ya bangi inayolevya), ilichapwa ndogo kuliko sentimita 1.27 kwa upana na kwa urefu. Basi chukua rula, pima kabla hujamlipa mchapaji. Onyo la afya likae kwenye manjano, kwa Kiingereza na Kifaransa. Kopo moja lisizidi miligramu 10 za THC, na kifuniko kimshinde mtoto.

Ukishachora upya, nitumie niitazame.