Uliza Mjomba: Kijiji cha Uingereza ambako mpaka wa shamba bado unapigiwa nyundo kila mwaka

SWALI: Shikamoo Mjomba. Huwa naona kwenye tivii vijiji vya Uingereza, nyumba za mawe, maua dirishani, kakanisa, hata kuku simwoni. Najiuliza hawa watu walikuwaga wanalima wapi? Na mashamba waligawanaje?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Marahaba mwanangu. Hayo maua ni ya juzi tu. Kwa karne nyingi kijiji cha Kiingereza, hasa kule ukanda wa kati, kilikuwa tope, ng'ombe na ugomvi wa mipaka, wala mtu hakuwa na shamba lake peke yake lenye fensi. Kulikuwa na mashamba makubwa mawili au matatu, yako wazi kabisa, na kila familia ina vipande vyake humo, virefu vyembamba, kimoja huku kingine kule mbali. Mbona wavitawanye hivyo? Ili mmoja asijibebee udongo mzuri wote mwenzie akaachiwa kule maji yanakotuama. Na ule urefu umeletwa na plau, kugeuza maksai mwisho wa mstari ni shughuli nzito, sasa ukiwa na mstari mrefu unageuza mara chache, basi.

Usidhani nakusimulia ya kale tu. Kipo kijiji mpaka leo kinalima hivyo, kinaitwa Laxton, kipo Nottinghamshire, kimeandikwa hadi kwenye lile daftari la mfalme William la 1086 wanaloliita Domesday. Mashamba yake makubwa matatu yana majina, West Field, Mill Field na South Field, na wanazungusha: mwaka huu hili lina ngano ya kupandwa kabla ya baridi, lile lina mazao ya kupandwa baridi ikiisha, la tatu linapumzika. Mwakani yanabadilishana. Zile sehemu ambazo plau haiingii, mabondeni na pembeni, wanaacha majani wakate kwa ajili ya mifugo, wanaziita sykes. Mwaka 1635 mpimaji aitwaye Mark Pierce aliwachorea ramani kubwa inayoonyesha kipande kimoja kimoja, na humo kachora watu wanalima na wengine wanawinda, ramani yenyewe ipo maktaba ya Bodleian, Oxford. Mimi ningekuwa na hela ya nauli ningeanzia hapo kabla ya kwenda kumuona Big Ben.

SWALI: Mjomba nimefuatilia, ila hapo kwenye mipaka umenigusa. Kwetu jirani akisogeza bikoni hatua mbili watu wanashikiana mapanga. Hao wa Laxton hawana fensi, sasa nani anaamua?
Mama Junior, Mbozi

JIBU: Mama Junior pole na jirani. Hao wana mahakama yao ya kijiji, inaitwa Court Leet, ni ya toka enzi za mabwana wa ardhi na bado inakaa kila mwaka. Inakaa wapi? Baa! Kuna baa inaitwa Dovecote Inn, hapohapo kijijini, ndo chumba cha mahakama.

Mambo yanaanza mwishoni mwa Novemba, siku wanayoiita siku ya juri. Wanachaguliwa watu 12 wa hapohapo, kama wazee wa baraza wetu, na mkubwa wao, wanapanda tela la trekta wanaenda kwenye lile shamba lililopandwa ngano msimu huo. Wanatembea ukingoni wakiangalia kipande kwa kipande, je fulani kalima mpaka kaingia barabarani? Kamega majani ya wote? Kaziba mtaro? Pale mpaka ulipofutika wanachimba, wanasimika kigingi cha mti, wanapiga nyundo, jina la mkosaji linaandikwa. Baridi yote ile ya Novemba, udongo wenyewe mfinyanzi unashika buti, halafu wakimaliza wanarudi baa kula. Wiki inayofuata mahakama inakaa, majina yanasomwa, mtu anatozwa faini. Faini yenyewe wala haiumizi mfuko, kinachouma ni kusomwa jina mbele ya majirani wote umeketi na glasi yako.

Pia zamani walikuwa na mtu kazi yake ni kukamata ng'ombe na kondoo wanaozurura, anawafungia kwenye zizi la kijiji, mwenyewe ukitaka mnyama wako unalipa kwanza. Hii nadhani Mama Junior utaipenda kuliko hata ile mahakama.

SWALI: Mjomba mbona basi vijiji vingine haviko hivyo? Na nyumba zao zinakaa wapi kama shamba lipo wazi?
Msomaji, Tabata

JIBU: Nyumba nianze nazo maana ni fupi. Ukiwa na vipande kila upande hujengi shambani, utajenga kwenye kipi? Kwahiyo wakulima wa Laxton nyumba zao zipo kijijini kwenye barabara, nyingi zimeelekeza ubavu njiani, ghala na banda pembeni, nyuma kuna kiwanja kirefu. Mkulima anatoka kijijini na trekta kwenda shamba, jioni anarudi.

Sasa hilo la kwanza ndo zito. Mashamba ya vijiji vingine yalizungushiwa ua wa miti kisheria. Kuanzia 1604 mpaka 1914 bunge lao lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za namna hiyo, zikagusa ekari milioni 6.8 hivi, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya Uingereza yote. Vipande vikaunganishwa, kila mwenye ardhi akapewa chake sehemu moja akizungushie huo ua. Mwenye nyingi alifurahi, mavuno yalipanda kweli, siwezi kukataa. Lakini yule aliyekuwa na ng'ombe wake mmoja anamlisha kwenye malisho ya wote, asiye na karatasi yoyote mkononi, huyo alibaki na ng'ombe bila majani. Wengi waliishia vibarua. Laxton ilipona, na sababu inayotajwa sana inachekesha: mabwana wakubwa wa ardhi hapo walikuwa wawili na hawakuelewana jinsi ya kugawana.

SWALI: Kwahiyo Mjomba ardhi ya Laxton ni ya wanakijiji?
Msomaji, Kongwa (ni mimi tena)

JIBU: Umerudi! Hapana mwanangu, wanaolima ni wapangaji. Bwana wao Earl Manvers aliiuza kwa Wizara ya Kilimo 1952, kusudi huo mfumo usife. 1981 ikaenda kwa Crown Estate, wale wanaosimamia mali za taji, nao wakaja kutangaza wanauza, watu wakapata presha kweli maana mnunuzi yeyote angeweza kuona hivyo vipande ni usumbufu. Mwaka 2020 ikachukuliwa na watu wa Thoresby, shamba la ukoo uleule wa Manvers, hapo jirani tu. Novemba ikifika tela linapakia wazee 12 kama kawaida, na vigingi vyao.