Mtaji ukiungua, kazi unaipendaje tena?

Ndugu yangu, umeuliza mtu anawezaje kuifurahia biashara wakati mtaji umekatika, mwenye nyumba anadai kodi, na simu ikiita moyo unaruka. Nimelisoma swali lako mara mbili, maana mwaka 2022 nilikuwa hapo hapo ulipo.

Nauza mitumba ya watoto soko la Karume, Ilala, Dar es Salaam. Tarehe 16 Januari mwaka ule soko liliungua. Nilikuwa na belo mbili ndani, yaani marobota ya mitumba, moja hata sijalifungua. Vyote vikaenda, deni likabaki zima. Na mkopo wenyewe ulikuwa hii ya riba kali tunayoita kausha damu, rejesho kila Jumatatu.

Watu waliniambia niwe na mawazo chanya. Nilijitahidi kweli, lakini matumaini yangu yalikuwa yanaisha kila Jumapili jioni.

Kilichoninyanyua kilianzia kwenye mchezo, ule wa kuchangishana hela na kupokea kwa zamu. Wenzangu walikubali nipokee zamu mapema, nikapata laki mbili. Hiyo hununui belo la maana. Basi soko liliporudi kuchangamka nikaanza kudamka saa kumi usiku, na tochi yangu, kwenda kuchagua pisi moja moja kwa wanaofungua belo. Iliniuma mno kuinama kwenye mzigo wa mwenzangu. Ila siku ya tatu nikashika kigauni cha pamba, nikakipitisha vidoleni, nikajua kabla hata sijamulika kwamba hiki mama fulani wa Tabata atakichukua bila kubishana. Kikawa hivyo. Nikagundua jicho langu halikuungua. Furaha ya kazi hii kwangu iko pale, kwenye kuchagua, kufua, kurudishia kifungo, kupiga pasi mpaka nguo isahau ilikotoka. Nilikuwa nimeisahau nilipokuwa namwaga mzigo chini na kupiga kelele bei. Kwa hiyo nakuomba utafute kipande cha kazi yako unachokipenda hata siku isiyo na mauzo, ukifanye kila siku.

Lakini furaha peke yake haikulipa deni. Nilimfuata afisa mikopo kabla sijachelewa, nikamwonyesha daftari la mauzo. Tukapunguza rejesho, muda ukarefuka. Riba iliongezeka, sikufichi, ila nilianza kulala. Hela ya mzigo nikawa naitoa kwanza, naifunga kwenye kitambaa chake, ndipo inayobaki inanunua unga. Kuna siku ilibaki ya dagaa wa mia tano tu. Watoto niliwaeleza ukweli, na yule mkubwa akawa ananisaidia kupiga picha nguo za kuweka kwenye status ya WhatsApp. Wateja wangu wengi wa sasa walitokea huko.

Jambo moja usilifanye, nakusihi: usikope kwingine ili ulipe rejesho la huku. Nilifanya mara moja, mwezi wa tatu, na ndio mwezi pekee niliotaka kuacha kabisa.

Ilinichukua miezi kumi na minne kununua belo tena. Siku tunakata zile kamba nilikaa chini kwanza, mikono ilikuwa inatetemeka.

Niambie unauza nini, na deni lako ni la kila wiki au kila mwezi. Daftari langu la wakati ule ninalo mpaka leo, nitakuandikia nilivyogawa hela siku kwa siku.