Maswali Yenu ya Muziki: Yule dogo aliyejiinamia kwenye ngazi

Toleo lililopita nilitupia kasentensi kamoja tu kwamba kuna bendi haikufikisha hata miaka mitatu na bado inasumbua watu mpaka leo, nikaitaja Minor Threat ya Washington, nikaendelea na mambo yangu. Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja mpaka nimeona ukurasa wote wa leo niwaachie hao, wale wenye maswali ya kufunga nyuzi za gitaa mnivumilie, zamu yenu inakuja.

*

Anko shikamoo. Nina fulana ina picha ya kijana kanyoa kipara, kakaa kwenye ngazi kajiinamia kama kalala, imeandikwa Minor Threat. Niliinunua kwa sababu ni nzuri tu, sasa juzi mtu kaniuliza nitaje nyimbo zao tatu nikabaki natoa macho. Hao ni kina nani? (Msomaji, mwanafunzi wa chuo)

Marahaba mwanangu. Hakuna haja ya aibu, wenye fulana hiyo ni wengi kuliko waliowahi kuisikia bendi. Huyo aliyejiinamia anaitwa Alec MacKaye, naye alikuwa mwimbaji wa bendi nyingine za hapohapo mjini, na ni mdogo wake Ian MacKaye, mwimbaji wa Minor Threat. Picha ilikuwa kwenye jalada la santuri yao ndogo ya kwanza, mwaka 1981. Imekuwa maarufu mpaka Nike mwaka 2005 wakatengeneza bango la ziara yao ya skeitibodi kwa kuigiza picha hiyohiyo na jina wakaligeuza, bila kuomba ruhusa, mashabiki wakaja juu, kampuni ikaomba radhi na bango likaondolewa.

Sasa hadithi yenyewe. Washington mwisho wa miaka ya 70 haukuwa mji wa kutazamiwa muziki wa kihuni, ni mji wa serikali, watu wa suti na mafaili. Ila palikuwa na redio ya chuo kikuu cha Georgetown, WGTB, ikipiga vitu ambavyo redio nyingine hazigusi, na uongozi wa chuo ukaifunga mwanzoni mwa 1979. Mwezi uliofuata, Februari, ikafanyika shoo ya kuichangia, wakapiga bendi ya The Cramps, ukumbi ukajaa kupita kiasi, na humo ndani kulikuwa na kijana wa miaka 16 anaitwa Ian MacKaye ambaye ndo mara yake ya kwanza kuona panki, ule muziki wa roki wa haraka na fujo, kwa macho. Redio haikurudi. Lakini dogo alitoka pale kashaharibika (kwa maana nzuri).

Akarudi shuleni kwao, Wilson High School, wakaunda bendi na rafiki yake Jeff Nelson mpiga dramsi, ikaja kuitwa Teen Idles, Ian akiwa kwenye besi. Hiyo ikafa Novemba 1980. Mwezi mmoja tu baadaye hao wawili wakaja na kitu kipya, safari hii Ian anaimba, gitaa kashika Lyle Preslar, besi kashika Brian Baker ambaye alikuwa na miaka 15, kumi na mitano jamani! Shoo ya kwanza wakapigia kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mtu, Desemba 1980. Hiyo ndo Minor Threat.

Muziki wao ndo unaitwa hadikoo. Chukua panki, ikimbize mara mbili, kata manjonjo yote, solo ndefu hakuna, wimbo ukifika dakika moja na nusu tayari ni mrefu. Ila watu wanakosea wakidhani ni kelele za kujifyatulia tu. Sikiliza wanavyosimama wote kwa pamoja na kuanza wote kwa pamoja, hakuna anayechelewa hata nusu ya pigo, na yule dogo wa miaka 15 ndo anakaza kamba. Wanajeshi wakiandamana hawawazidi.

*

Habari ya kazi kaka. Nimesikia hawa jamaa santuri zao walikuwa wanagundisha majalada wenyewe kwa mikono. Kweli au chumvi? Na hela walitoa wapi, wazazi?

Kweli tupu, na kwangu mimi hapo ndo penye utamu wa habari nzima kuliko hata nyimbo, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Teen Idles walipokuwa wanalipwa kwenye shoo hawakuwa wanagawana. Kila senti inaingia kwenye chungu kimoja. Bendi ilipokufa wakajikuta na dola mia kadhaa mkononi na nyimbo zilizorekodiwa ambazo hakuna kampuni ingezitaka, wafanyaje, wagawane kila mtu aende zake au watoe santuri ya bendi ambayo haipo tena? Wakachagua la pili. Ndo hapo ilipozaliwa lebo, yaani kampuni ya kutoa santuri, inaitwa Dischord, mwaka 1980, wenyewe wakiwa Ian, Jeff na Nathan Strejcek aliyekuwa mwimbaji wa Teen Idles. Nyimbo 8, nakala 1,000.

Jalada sasa. Hawakujua linatengenezwaje, wakachukua jalada la santuri ndogo ya Uingereza wakalibandua kwenye gundi mpaka likawa karatasi bapa, wakachora kufuata mistari yake, wakapeleka kwa mchapaji, halafu zikarudi karatasi tupu ambazo lazima mtu akate na mkasi, akunje, apake gundi. Mara elfu moja. Marafiki wakaitwa, wanakaa wanakunja huku wanapiga soga. Na santuri kadhaa zilizofuata kazi ikawa hiyohiyo.

Studio ilikuwa Inner Ear ya Don Zientara, na usiwaze vioo na sofa za ngozi, ilikuwa nyumbani kwake huko Arlington, Virginia, ng'ambo ya mto Potomac. Mwaka 1981 kina Ian wakapanga nyumba Arlington hukohuko, watu wakaiita Dischord House, wanaishi humo, wanafanya mazoezi chini, na ofisi ya lebo ni humohumo.

Hela ya santuri moja inalipia inayofuata. Ya pili ilikuwa ya bendi inaitwa S.O.A., na hiyo aliyelipia gharama ni mwimbaji wao mwenyewe, kijana aliyekuwa anauza aiskrimu ya Häagen-Dazs, leo mnamjua kama Henry Rollins. Ya tatu ndo Minor Threat. Mwanzoni mwa 1982 wakatoa mkusanyiko unaitwa Flex Your Head, bendi 11 nyimbo 32, zote za mji huo, na mpaka leo lebo ipo na bado inashughulika na watu wa Washington tu. Mtu wa Chicago ukiwaletea kazi yako hata iwe nzuri vipi, nenda kaanzishe ya kwenu.

Wazazi? Sitakudanganya, wengi wao hawakuwa watoto wa kulala njaa, na Preslar na Baker walisoma shule ya kulipia. Lakini nimeona watoto wa matajiri wengi tu wenye magitaa ya gharama ambao hawajawahi kukata karatasi hata moja.

*

Ile X wanayochora mkononi mashabiki wa hii bendi ni dini? Mdogo wangu kaanza kujichora na hataki hata kukaa meza moja na mtu mwenye bia. Naogopa kapotea. (Dada mwenye wasiwasi)

Dada yangu tulia, mwanzo wake ni wa kawaida kabisa na hauna utakatifu wowote.

Kiangazi cha 1980 Teen Idles walipanda basi mpaka California, kule San Francisco kwenye ukumbi wa Mabuhay Gardens wakaambiwa umri wenu mdogo, hamuuziwi pombe, mtachorwa X mikononi ili mhudumu wa baa awatambue. Yaani ilikuwa alama ya kunyimwa. Waliporudi Washington wakaenda na wazo hilo 9:30 Club, ukumbi mpya uliokuwa mtaa wa F namba 930, wakawaambia turuhusuni watoto tuingie tuone bendi, tuchoreni X, mkimkamata hata mmoja wetu anakunywa basi tufungieni wote moja kwa moja. Wakakubaliwa. Kwa hiyo X ilikuwa tiketi. Ilikuwa inasema mimi nimekuja kusikiliza muziki, baa yako sina shida nayo.

Halafu 1981 Minor Threat wakatoa kile kiwimbo cha Straight Edge, hakifiki hata dakika moja, Ian anasema tu mimi ni mtu kama wewe ila nina kazi za kufanya kuliko kukaa nimelewa. Basi. Watu wa miji mingine wakakichukua wakakifanya katiba, wengine miaka ya baadaye wakafika mpaka kupiga watu waliokutwa na sigara, mambo ya ajabu.

Na ndani ya bendi yenyewe hawakukubaliana! Wimbo wa Out of Step unataja vitu ambavyo mwimbaji hafanyi, pombe, sigara, na mapenzi ya kupita, Jeff kwenye dramsi akaja juu, akasema hiyo inasikika kama amri kwa watu, weka neno "mimi" watu waelewe unajisemea mwenyewe. Waliporekodi upya kwa ajili ya albamu ya 1983 Ian akaongeza maneno ya kuongea katikati ya wimbo kwamba hizi sio sheria. Mwambie mdogo wako akasikilize hapo. Pombe kuacha aache tu, ni afya, ila meza arudi.

*

Wewe mwandishi unatuletea kelele za wazungu wenye hasira na maisha mazuri. Washington si ni mji wa watu weusi? Walikuwa wapi?

Swali kali na nalipenda. Walikuwa mbele. Bendi iliyowafundisha hawa watoto wote kukimbia ni Bad Brains, wanaume wanne weusi wa hukohuko, H.R. anaimba, Dr. Know gitaa, Darryl Jenifer besi, Earl Hudson dramsi, walianza na jazi ya kuchanganya na fanki kabla hawajaigusa panki, ndo maana vidole vyao vilikuwa vinaenda popote. Baadaye wakawa Marasta, shoo moja unapata hadikoo ya kukupasua kichwa halafu rege ya taratibu kama hakijatokea kitu. Muulize yeyote wa enzi ile nani alikuwa mkali kuliko wote, hutasikia jina la Minor Threat. Kumbi nyingi zikawa haziwataki, wakatunga wimbo wa Banned in D.C., wakahamia New York.

Ila una hoja, mbele ya jukwaa wengi walikuwa watoto weupe wa kiume, na wasichana baadaye walisema wazi kwamba kule kugongana na kurukiana wakati wa kucheza kuliwasukuma nyuma mpaka ukutani. Alafu kuna wimbo wa Minor Threat unaitwa Guilty of Being White, yaani mwenye hatia kwa kuwa mweupe. Ian aliutunga akikumbuka alivyokuwa anasumbuliwa shuleni ambako weusi walikuwa wengi, mwenyewe kasema siku zote ulikuwa wa kupinga ubaguzi. Mimi naona ni wimbo wa kijana wa miaka 19 aliyeangalia dirishani kwake tu akadhani kaona mtaa mzima. Umezeeka vibaya, na wabaguzi wa kweli waliupenda, jambo lililomuudhi sana.

Lakini ngoja nikupe na hii. Shoo yao ya mwisho kabisa, tarehe 23 Septemba 1983, ukumbi wa Lansburgh, walipiga pamoja na Trouble Funk. Hao ni watu wa go-go, ule muziki wa weusi wa Washington, ngoma juu ya ngoma, wimbo mmoja unaweza kwenda nusu saa watu hawajakaa chini. Sasa piga picha, bendi ya nyimbo za dakika moja na bendi ya nyimbo zisizoisha, usiku mmoja. Ningetoa kitu kikubwa kuwepo.

*

Kwa nini walivunjika wakati ndo wanapanda? Mwanamke? Hela?

Walivunjika mara mbili. Ya kwanza 1981, Preslar alienda chuo kikuu cha Northwestern kule Illinois, akaona chuo hakimfai, 1982 wakarudiana, wakaongeza Steve Hansgen kwenye besi na Baker akahamia gitaa la pili. Jalada la albamu ya Out of Step ni la kipindi hicho, kondoo mweusi anaruka kuwakimbia weupe, kachora Cynthia Connolly.

Ya pili ndo ya moja kwa moja. Hansgen alishatoka, wenzake Ian wakawa wanasikiliza sana bendi ya U2 na wanataka muziki ufunguke uende huko, mwimbaji hataki, na wapo waliotamani kampuni kubwa, mwimbaji hataki pia. Mazoezini wanapiga ala tupu, mwimbaji haji. Bendi ikifika hapo imeshakufa, bado kuzika tu. Desemba wakaingia studio wakamalizia nyimbo tatu, zikatoka 1985 wakati wao walishatawanyika.

Ian akaja kuwa na bendi ya Fugazi kuanzia 1987, kiingilio kilekile cha dola 5 miaka nenda rudi. Baker akapita bendi ya Dag Nasty, tangu 1994 yupo bendi ya Bad Religion. Preslar akaishia kuwa mwanasheria. Jeff akabaki na Ian kwenye lebo.

*

Nianzie wapi kusikiliza?

Kuna Complete Discography ya 1989, kazi yao yote, nyimbo 26, haifiki dakika 50. Anza mwanzo usirukeruke, na usivae spika za masikioni ukiwa unavuka barabara.