Maua ya herufi A: azalea ya njano, amarilisi yenye majani matupu na mengineyo

Maswali ya safari hii yamekutana kwenye herufi moja, A. Tunayajibu pamoja, ila msiyapande pamoja: azalea na agapanthasi kwenye tuta moja, lazima mmoja aumie.

Azalea yangu nilinunua imejaa maua. Mwezi wa nne huu, majani machanga yanageuka njano, mishipa tu ndiyo imebaki ya kijani. Nimeweka mbolea ya kuku na majivu, hali imezidi. (Mama, Njiro, Arusha)

Mama, majivu yaache leo hii. Huo ni upungufu wa madini ya chuma, na mara nyingi chuma kwenye udongo kipo, ila mmea hauwezi kukichukua. Azalea inataka udongo wenye uchachu, pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unazidi) kati ya 4.5 na 6. Maji ya visima vingi vya Arusha yana magadi, kwa hiyo kila unapomwagilia unapandisha pH, na majivu yanamalizia kazi. Kwa nini majani machanga ndiyo yanaanza? Kwa sababu chuma hakihami kutoka jani la zamani kwenda jani jipya. Ingekuwa njaa ya naitrojeni, majani ya chini ndiyo yangetangulia kuwa njano, na mishipa yake pia.

Hamisha mmea kwenye chungu cha upana wa sentimita 30 chenye matundu chini. Changanya visado viwili vya mboji ya majani iliyooza sawasawa, kisado kimoja cha majani ya msonobari yaliyooza na kisado kimoja cha mchanga wa mtoni uliooshwa. Maranda mabichi ya mbao usiweke. Yakioza yanakula naitrojeni ya mmea. Sehemu ya juu ya mizizi ilingane na uso wa udongo, isifukiwe, maana mizizi ya azalea ni laini kama nywele na inakaa juujuu. Kwa sababu hiyohiyo usilimelime pembeni yake. Palizi ni ya mkono, kisha tandaza matandazo sentimita 5 bila kugusa shina.

Mwagilia maji ya mvua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, hivyo kibanda chenye paa la mita 10 za mraba kikipata mvua ya milimita 20, pipa la lita 200 linakaribia kujaa, na chungu kimoja kitalitumia muda mrefu. Mvua ikikatika, weka kijiko kimoja cha chakula cha siki kwenye lita 4 za maji, koroga, pima kwa karatasi ya pH. Ikisoma 5.5 hadi 6, tumia. Maji yenye magadi mengi yatadai siki zaidi, ndiyo maana tunasema pima, usikisie. Duka la pembejeo likiwa na mbolea ya chuma cha cheleti (chuma kilichofungwa ili mmea uweze kukichukua), ulizia aina ya EDDHA, kwani nyingine zinashindwa udongo ukiwa na magadi. Fuata kipimo cha kwenye pakiti. Majani yaliyokwisha kuwa njano huenda yasirudi yote, kwa hiyo angalia yale yanayochipua.

Mahali pake ni penye jua la asubuhi hadi saa nne, kisha kivuli chepesi.

Shikamooni. Amarilisi yangu ilitoa maua mekundu mwaka wa kwanza. Tangu hapo ni majani tu, mwaka wa tatu sasa. (Kijana wa Soweto, Moshi)

Marahaba. Fukua kidogo uone tunguu limekaa wapi. Likiwa limezama lote, umeshapata sababu ya kwanza: theluthi moja ya juu inatakiwa ionekane, shingo iwe kavu. Sababu ya pili ni kukata majani maua yanapokwisha ili bustani ipendeze. Majani hayo ndiyo yanayolipikia tunguu chakula cha maua ya msimu unaofuata. Kata kikonyo cha ua peke yake, majani yaache.

La tatu ni mapumziko. Moshi panafaa kwa hilo: mwezi wa saba acha kumwagilia, majani yanyauke yenyewe, likae kavu wiki 8 hadi 10. Mwezi wa tisa mwishoni anza maji kidogo, uongeze kikonyo kikichomoza. Ua hufunguka wiki 6 hadi 8 baadaye. Tunguu jembamba lisikupe matumaini, linahitaji mwaka mwingine wa kunenepa. Lishe kwa mbolea yenye potasiamu nyingi, siyo urea.

Ukikuta majani yametobolewa na ndani kuna viwavi weusi wenye mistari ya njano, wakamue kwa vidole siku hiyohiyo. Wakiachwa wanashuka hadi kwenye tunguu, na hapo hakuna cha kuokoa.

Agapanthasi zimejaza ukingo mzima chini ya miti, hazitoi maua. (Usa River)

Kivuli. Zinataka jua saa 6 kwa siku. Zihamishe, na zikiwa zimebanana gawa shina kwa panga kali, kila kipande kibaki na machipukizi mawili matatu na mizizi yake, nafasi sentimita 40. Vaa glovu, utomvu wake unawasha. Msimu wa kwanza zinaweza kugoma.

Mbegu za asta zimeota vizuri, lakini mimea imekuwa mifupi, imetoa maua mapema, na sasa inanyauka mmoja mmoja hata nikimwagilia. (Dada, Tengeru)

Dada, hayo ni matatizo mawili tofauti. Ufupi unatokana na mwanga: asta hurefusha shina siku zikiwa ndefu, na kwetu mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Wakulima wa maua ya kuuza huwasha taa usiku. Nyumbani, chagua tu aina fupi za ukingo na usahau vikonyo virefu vya kuweka kwenye chombo cha maua.

Kunyauka ni jambo zito zaidi. Pasua shina karibu na udongo. Ukiona mstari wa kahawia ndani, hasa kama mmea ulinyauka upande mmoja kwanza, huo ni mnyauko wa fuzari, ugonjwa wa kuvu. Hautibiki. Ng'oa, choma moto, usitupe kwenye mboji, wala usirudishe asta hapo kwa miaka kadhaa, maana kuvu hiyo inaishi udongoni. Ukipanda tena, tafuta mbegu zinazostahimili mnyauko, sia kina cha milimita 5, na hamishia miche kwenye tuta jipya ikiwa na majani manne hadi sita, nafasi sentimita 25.

Asumini inachanua Tanga mwaka mzima, ya kwangu hapa Sakina, Arusha, inalala mwezi wa sita hadi wa nane. Nimekosea nini?

Hukukosea, ni baridi. Isogeze kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana, punguza maji miezi hiyo, na ikatie matawi mwezi wa nane mwishoni, kwa sababu maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Kama muuzaji alikupa afu (asumini pori) akisema ni asumini, ua la afu ni dogo zaidi na halijajazana petali kama asumini ya vikuba, vile vishada vya kunukia.