Mabano kwenye jina la bundi mwenye uso wa moyo

Swali: Kitabu changu cha zamani kinamwita bundi mweupe mwenye uso wa moyo *Tyto alba*, awe bara lolote. Orodha mpya ya majina ya ndege inamwita yule wa Amerika *Tyto furcata*. Tena baada ya *Tyto alba* pameandikwa (Scopoli, 1769), ilhali nimesoma kwamba Scopoli mwenyewe alimwita *Strix alba*. Nani kakosea?

Jibu: Hakuna. Nianze na hayo mabano, maana wengi huyapita wakidhani ni pambo. Scopoli, mtaalamu wa viumbe wa karne ya 18, alipomwelezea ndege huyu, bundi walikuwa wakirundikwa kwenye jenasi moja (kundi la spishi zinazokaribiana), *Strix*, aliyoiweka mwaka 1758 Linnaeus, mwasisi wa mfumo huu wa majina. Mwaka 1828 Billberg, mtaalamu wa viumbe wa Sweden, akaunda jenasi *Tyto*, na bundi wetu akahamishiwa huko. Kanuni ya majina ya wanyama ni kwamba spishi ikihama jenasi, jina la aliyeielezea kwanza linabaki, ila hutiwa mabano. *Strix* haikufa, siku hizi ni ya bundi wa misituni.

Na hakuhamishwa kwa sababu ya uso tu. Nikiwa na kielelezo kilichokaushwa mezani, mimi hutazama mguu kwanza. Kidole cha ndani na cha kati karibu vinalingana urefu, na ukucha wa kile cha kati una meno madogo ukingoni, kama kitana. Kwa bundi wengi wengine kidole cha ndani ni kifupi waziwazi, na kitana hicho hakipo. Ukifika kwenye mifupa, ule wenye umbo la V kifuani umeungana na mfupa wa kidari. Ndiyo maana oda ya bundi, yaani kundi kubwa linalowajumuisha wote, Strigiformes, ina familia mbili: Strigidae, yenye bundi walio wengi, na Tytonidae, yenye *Tyto* na jenasi ndogo ya *Phodilus*. Hapo wataalamu hawabishani sana.

Ubishi uko chini, kwenye spishi. Kitabu chako kilifuata mtazamo wa kuwaweka wote pamoja, spishi moja yenye nususpishi (aina ndogo ndani ya spishi) zaidi ya 20. Vipimo vya DNA vikaonyesha kwamba wa Amerika ni ukoo uliojitenga na wenzao wa Ulaya na Afrika. Orodha zinazowagawa huwa na spishi tatu: *T. alba* wa Ulaya na Afrika, *T. furcata* wa Amerika, na *T. javanica* wa kusini-mashariki mwa Asia hadi Australia. Kumtenga wa Amerika naafiki bila wasiwasi. Huyo wa mashariki ndiye anayenikosesha usingizi, kwa kuwa mpaka wake na *alba* huchorwa tofauti kutoka orodha moja hadi nyingine.

Kwa hiyo katika kumbukumbu zako, kando ya jina la ndege andika pia orodha uliyofuata na mwaka wa toleo lake, pamoja na mahali alipoonekana. *Tyto alba* tupu ya miaka 30 iliyopita yaweza kuwa yeyote kati ya hao watatu.