Mabakuli ya bibi yamenikosanisha na mama mkwe

Shikamoo Mama. Nina watoto wawili, wa miaka 6 na 3, tunaishi Nyakato, Mwanza. Bibi yangu wa Ukerewe alipofariki aliniachia mabakuli manne ya bati, meupe yenye ukingo wa bluu. Tangu hapo nimependa mabakuli ya zamani. Nikipita Mlango Mmoja, au nikisikia mtu anahama na anauza vyombo, lazima nichungulie. Sasa ninayo 23 kwenye kabati la kioo. Mwezi uliopita mama mkwe alitutembelea kutoka Magu. Siku ya tatu nilirudi kazini nikamkuta amepakua mlenda kwenye bakuli moja la bibi. Nikampokonya, nikauhamishia kwenye bakuli la plastiki, watoto wakitazama. Hakusema neno. Asubuhi akafunga mzigo akaondoka. Mume wangu ananitaka nimwombe radhi, na mabakuli yote niwape wanunua vyuma chakavu. Mimi siyatumii kabisa yasije yakaharibika, isipokuwa lile la udongo la maua ya rangi ya chungwa, ambalo Jumapili natilia kachumbari. Haya ya bibi hata alama ya rangi nyekundu iliyo chini ya kila moja sijaigusa. Nimekosea wapi?
Mama Wawili, Nyakato

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kufiwa na bibi. Barua yako inaonyesha huo msiba bado unao.

Nianze na hiyo alama nyekundu, maana umeitaja mwishoni kama jambo dogo na mimi ndiyo iliyonishika. Wanawake wa rika la bibi yako walipaka alama chini ya vyombo vyao kwa sababu vilikuwa vinaazimwa. Kukiwa na msiba au harusi, kila nyumba ilitoa sufuria, sinia, mabakuli. Shughuli ikiisha, wanawake walikaa chini kwenye rundo la vyombo vilivyooshwa, wanageuza kimoja kimoja kutafuta chake: huyu msalaba, yule nukta mbili, mwingine herufi ya kwanza ya jina la mwanawe. Mama yangu alitumia rangi iliyobaki baada ya mjomba kupaka mtumbwi. Nukta tatu za kijani. Hadi leo nikiokota bakuli mahali huwa naligeuza kwanza.

Kwa hiyo mabakuli ya bibi yako yametoka nje ya nyumba yake mara nyingi sana, yamelisha watu asiowajua, na yamerudi. Mama mkwe wako ni wa dunia hiyohiyo. Alipotoa lile bakuli kabatini aliona chombo kizuri cha kupakulia, akapakulia. Halafu wewe ukampokonya mbele ya wajukuu zake na kumpa plastiki. Mwanangu, hapo ndipo ulipokosea, na ni kosa zito. Aliondoka akijua kwamba nyumbani kwa mwanawe kuna vyombo vya heshima na yeye si mtu wa kupakuliwa humo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba bakuli ulilomkataza halikuwa na tatizo, na lile unalowapakulia watoto kila Jumapili ndilo linalonitia wasiwasi.

Bakuli la bati ni chuma kilichopakwa unga wa kioo, kikachomwa kwenye tanuru kwa joto la nyuzi 800 hivi mpaka kile kioo kikayeyuka na kushikana na chuma. Ndiyo maana ukigusisha sumaku inanasa, na ndiyo maana halinyonyi harufu ya samaki. Likibanduka ukingoni kwa nje, linaota kutu kidogo tu, linaendelea na kazi. Likibanduka ndani, lipumzishe, kwa sababu vipande vya kile kioo vinaweza kuingia kwenye chakula. Jeupe ndani, zima, kama ulivyoeleza hayo ya bibi: pakulia tu. Ila usilaze humo kitu kichachu mpaka asubuhi.

Lile la udongo ni habari nyingine. Zamani viwanda vingi vilichanganya madini ya risasi kwenye ule mng'ao wa juu wa vyombo, na rangi nyekundu, njano na chungwa mara nyingi zilitengenezwa kwa kadimiamu, madini mengine yenye sumu. Chombo kikiwa kizima na chakula kikavu, madhara ni madogo. Uchachu ndio unaoyavuta hayo madini yaingie kwenye chakula: ndimu, nyanya, siki, ukwaju. Kachumbari ni ndimu na nyanya tupu! Na risasi huioni, huinusi, huionji. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na wajawazito, kwa sababu inaharibu ubongo unaokua. Wako ana miaka 3. Tafadhali, Jumapili hii kachumbari iingie kwenye bakuli la kioo cheupe, na hilo la maua libaki kabatini lipendeze macho, au litilie karanga za maganda.

Mengine ya udongo yachunguze moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona mistari myembamba kama nywele imesambaa ndani, hilo si la chakula tena, maana mafuta na vijidudu vinakaa mle na sabuni haifiki. Kisha liweke juu ya vidole na uligonge taratibu kwa kucha. Zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti iliyokufa, hata kama ufa wenyewe huuoni.

Kuhusu mume wako: usikubali hata moja liende kwenye mizani ya chuma chakavu, lakini mwambie ukweli ni shilingi ngapi zimekwenda kwenye hayo 19 uliyonunua. Hasira yake nusu iko hapo, nadhani. Kubalianeni idadi.

Na yatumie. Osha kwa dodoki na maji ya uvuguvugu, usiguse waya wa kusugulia sufuria. La udongo lipashe kwa maji ya moto kabla ya kutia chakula cha moto kisicho na uchachu, la sivyo linaweza kupasuka. Ukiyapanga, weka kitambaa cha khanga kuukuu katikati. Kwenye njia ya kwenda Magu kuna Kisesa, na pale Bujora kuna makumbusho ya Wasukuma ambayo kazi yake ni kutunza vitu vya wazee ili vitazamwe. Kazi hiyo tayari ina wenyewe. Wewe una jiko na watoto wa kulisha.

Nenda Magu mwisho wa juma huu, na watoto uwachukue, maana waliona ulivyomkosea na inabidi waone unavyotengeneza. Kaanga sato, mpange kwenye bakuli lilelile ulilompokonya, lifunike kwa kitambaa safi. Ukifika piga magoti, msalimie, sema, “Mama, nilikukosea mbele ya wajukuu zako.” Habari za risasi na kutu usizilete hapo, zitasikika kama unajitetea. Mkimaliza kula, mwachie bakuli. Kwetu chombo hakirudi kitupu, kwa hiyo likirudi Nyakato litakuwa na karanga au michembe ya viazi vitamu ndani, na huenda atalileta mwenyewe.

Kabla hamjaondoka ligeuze uangalie. Kama alama ya bibi imefifia, tafuta rangi nyekundu uirudishie, iache ikauke usiku mzima.