Muulize Ami: Mgeni kasoma beti 40, watu washashuka ngazi

*Salaam alaykum Ami. Sisi ni vijana wa Kibokoni, Mji wa Kale, tumeanzisha usiku wa mashairi kila mwisho wa mwezi, juu darini kwa mwenzetu. Twaalika malenga wawili halafu ni openi maiki, yeyote anapanda. Mwezi uliopita mambo yaliharibika. Mgeni wa kwanza alisoma beti 40, zote kwa mahadhi, watu wakaanza kushuka mmoja mmoja ati waenda kununua viazi karai, hawakurudi. Mgeni wa pili alisoma vizuri sana ila alipomaliza tu akachukua kofia yake akaenda, hakungoja vijana. Halafu kijana mmoja alipanda na shairi huru, halina vina wala mizani, mzee mmoja akasema kwa sauti, "Hiyo ni barua, tusomee shairi." Huyo kijana ashatoka kwenye grupu ya WhatsApp. Je tuwagawe, wazee siku yao na vijana siku yao? – Mwandalizi, Kibokoni*

Waalaykum salaam mwanangu. Kuwagawa hapana. Siku ya wazee itakuwa watu 6 na dele la kahawa, na siku ya vijana kila mtu atakuwa angoja zamu yake, hakuna anayeskiza.

Sasa tufanye hesabu. Shairi la kawaida lina mishororo 4, kila mshororo mizani 16, yaani silabi 16, basi ubeti mmoja ni mizani 64. Ukiusoma kwa mahadhi, ukavuta sauti kwenye vina vya kati na vya mwisho, hauendi chini ya nusu dakika, na wengine wafika dakika nzima. Beti 40 hapo ni dakika 20 kama mzee ana haraka, na mzee mwenye mahadhi yake hana haraka bwana, kwa nini awe nayo. Lakini kosa si lake, ni lenu, hamkumwambia. Mpigieni simu wiki moja kabla, kwa adabu, mwambieni "ustadh, twakuomba beti 10, tuchagulie wewe mwenyewe." Msimwambie dakika. Malenga ukimtajia dakika aona wamfukuza, ukimtajia beti anajua kazi imeanza. Wa openi maiki nao wapeni beti 5, na mwenye shairi huru ukurasa mmoja wa daftari. Na mtu akija na utenzi wa beti mia mbili msimkatae, utenzi wataka usiku wake peke yake, mpangieni, wallahi hata mimi nitakuja.

Jambo jengine, muombeni mgeni achague shairi lenye kibwagizo, ule mshororo wa mwisho unaorudi kila ubeti. Ubeti wa kwanza watu waskiza, wa pili washaushika, wa tatu dari nzima yaitikia na hata aliyekuwa achezea simu ajikuta naye amo. Viazi karai watavisahau.

Huyu mgeni wa kuondoka mapema, mimi ningepanga hivi: mgeni mmoja afungue, halafu watu 5 au 6 wa maiki, halafu chai kidogo, halafu vijana tena, kisha mgeni wa pili afunge. Wa mwisho hawezi kuondoka kabla ya mwisho. Na bahasha yake ya nauli pia itoke mwishoni (sikusema mimi). Lakini itoke, msimwambie mtu mzima kwamba malipo yake ni kupostiwa.

Ugomvi wa vina msidhani umezaliwa darini kwenu. Euphrase Kezilahabi, Mtanzania, alitoa diwani yake ya mashairi huru mwaka 1974, na watu wakarushiana maneno wee, wengine wakikataa kabisa kuyaita mashairi, na mpaka leo hawajamaliza. Mimi sifichi, napenda vina, shairi la arudhi, lenye vina na mizani yake, likisomwa nywele zanisimama. Lakini mtu hakosolewi akiwa bado ameshika maiki, hilo nalo lina mizani yake. Aendewe huyo mzee nyumbani kwake aambiwe, na mtangazaji wenu aseme mwanzo kabisa kwamba maoni ni wakati wa chai. Na wazee wakianza ile ngoma yao ya kwamba vijana wa sasa hawana kichwa cha vina, watajieni Abdilatif Abdalla, mtoto wa hapa hapa Mombasa, alifungwa 1969 hajafika miaka 23, akatoka 1972, na humo jela akatunga kwa siri kwenye karatasi za choo, vina vimetimia. Halafu huyo kijana wenu naye mkimpata mtajieni huyo huyo.

Kabla sijasahau, anzeni baada ya Isha, si kabla, la sivyo mtakatizwa katikati. Na upepo wa darini waingia kwenye maiki unavuma kama ferry, ivisheni soksi safi.

*Ami, kuna jamaa alinipiga kijembe kwenye shairi lake mbele ya watu, hakunitaja jina lakini kila mtu aliniangalia mimi. Nimjibu au ninyamaze? – Nimechomwa, Majengo*

Mjibu! Huu ndio mji wa Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840, yule alikuwa akirushiana tungo na washairi wa Lamu wakati Mombasa ya Wamazrui, watawala wake wa enzi hizo, na Lamu hawapikiki chungu kimoja. Ila kujibu kuna adabu yake. Alikutupia shairi, rudisha shairi, kwa bahari ile ile, yaani aina ile ile ya shairi, na ukiweza vina vile vile, usimtaje jina na usiguse mamake wala mkewe. Ukimjibu kwa voisi noti ya matusi ushashindwa. Lakini yakhe, hakikisha kwanza ni wewe aliyekusudiwa, wako watu hujivisha kofia za wenzao.

*Shikamoo Ami. Mimi ni msichana wa Kisauni, natunga tangu shule lakini nikishika maiki mikono yatetemeka na maneno yote yapotea. Yafaa nisome kwenye simu? – Mwoga wa Maiki*

Marahaba binti yangu. Soma, nani amekukataza, ila zima data kwanza, niliwahi kuona mtu afika ubeti wa 3 simu yaita ni mamake amuuliza kama amenunua unga. Karatasi ni bora kidogo, lakini karatasi nyembamba huonyesha mkono watetemeka, ibandike kwenye kadibodi. Andika herufi kubwa, mshororo mmoja mstari mmoja. Na maiki iache kwenye stendi yake, usiishike, hapo mkono utetemeke upendavyo hakuna atakayejua. Mahadhi kama huyawezi usijilazimishe, lisome tu polepole, ukifika kwenye kina pumzika kidogo. Shairi la kwanza liwe lile la zamani unalolijua hata usingizini, hilo jipya lingoje mwezi ujao.

Na ukiniona nimekaa kule nyuma karibu na dele la kahawa usiniangalie sana, mimi nami hutetemeka.